Jino la Dhahabu Kisiwani Pemba: Pambo Baina ya Urembo, Sheria na Mirathi

1.0 Utangulizi

Katika jamii ya Wapemba, kama ilivyo kwa Waswahili wengine wa mwambao, dhahabu ya mwanamke hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humpamba na humwekea akiba. Bangili, mkufu, kidani na kipini cha puani huvaliwa harusini na sikukuu. Shida ikiingia nyumbani, hupelekwa kwa sonara vikapimwa na kuuzwa, au huwekwa rehani. Jino la dhahabu halifuati kanuni hiyo. Likishavishwa halivuliki, na mwenye nalo akifariki, warithi hawaligawani kama wanavyogawana bangili zake. Makala haya yanafafanua nafasi ya pambo hilo kisiwani. Hoja yake kuu ni kwamba thamani ya jino la dhahabu haipimiki kwa mizani ya sonara, bali kwa mipaka ambayo sheria ya Kiislamu na urembo wa Kiswahili umeiwekea mwili wa binadamu.

2.0 Dhahabu katika Uchumi wa Pemba

Dhahabu si ngeni Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia waliofukua Mtambwe Mkuu, magharibi mwa kisiwa, walipata hazina ya karne ya 11 yenye zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Hata hivyo, kuenea kwa vito miongoni mwa watu wa kawaida kunahusiana zaidi na karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa mzalishaji mkuu wa zao hilo. Fedha za karafuu huja kwa msimu. Familia inayopata kipato kwa miezi michache huhitaji chombo cha kuhifadhia thamani hadi mavuno mengine, na dhahabu ilifaa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana bei ya karafuu ilipoporomoka katika soko la dunia miaka ya 1980, bangili iliyonunuliwa katika msimu mwema iliweza kugeuzwa chakula au karo. Jino halikuweza.

3.0 Kinywa katika Urembo wa Kiswahili

Meno yana nafasi yake maalumu katika vipimo vya uzuri vya mwambao. Mwanya, yaani uwazi baina ya meno mawili ya mbele, huhesabiwa kuwa pambo la kuzaliwa nalo. Kinyume chake, kuchonga meno kulichukuliwa kuwa alama ya asili ya bara. Desturi hiyo ilikuwapo miongoni mwa jamii kama Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambazo watu wao wengi waliletwa visiwani utumwani katika karne ya 19. Kwa hiyo, umbo la jino liliweza kusomwa kama habari ya nasaba ya mtu.

Mafundisho ya dini yaliupa mpaka huo nguvu zaidi. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inawalaani wanawake wanaojitengenezea mwanya kwa ajili ya uzuri. Mwanya wa kuzaliwa ni neema. Wa kutengenezwa ni kubadili maumbile.

Jino la dhahabu lilipata nafasi katikati ya mipaka hiyo kwa sababu ya ufundi wake. Kofia ya dhahabu ya mtindo wa zamani ni bamba jembamba linalolifunika jino, nalo huweza kuvishwa bila kulipunguza jino sana. Aina nyingine huzunguka ukingo tu na kuacha weupe wa jino uonekane katikati, kama picha ndani ya fremu. Mwaka 1907 Mmarekani William H. Taggart alitangaza njia ya kusubu dhahabu ya meno kwa kalibu ya nta, na kazi hiyo ikawa sahihi zaidi. Katika njia zote hizo, dhahabu huongezwa juu ya jino. Lengo si kulipa jino umbo jipya.

4.0 Hukumu ya Madhehebu ya Shafi

Waislamu wa Pemba kwa wingi wao hufuata madhehebu ya Shafi. Msingi wa suala hili ni kisa cha Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake vitani, akatengenezewa ya fedha ikanuka, kisha Mtume akamruhusu kuweka ya dhahabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj al-Talibin kwamba pambo la dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini anavua vitu vitatu: pua, ncha ya kidole na jino. Kwa mwanamume, basi, jino la dhahabu ni badala ya kiungo kilichopotea.

Kwa mwanamke, ambaye dhahabu ni halali kwake kuwa pambo, swali hubadilika. Kinachoulizwa si madini yenyewe, bali kama jino zima limeharibiwa ili kuyapokea, na kama kuna israfu. Suala la tohara nalo halileti kizuizi, kwani katika madhehebu haya kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho.

Sheria ya zaka inaibainisha zaidi tofauti iliyotajwa mwanzoni. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu haya, pambo halali linalovaliwa halitolewi zaka. Bangili ikikusudiwa kuwa akiba, na dhahabu ya mwenyewe ikafikia mithkali 20, takribani gramu 85, na mwaka ukapita, zaka huwa wajibu. Hivyo bangili huweza kubadilika hukumu kwa nia ya mwenyewe. Jino lililomo kinywani halina nafasi ya kuwa akiba. Hubaki pambo au tiba.

5.0 Jino na Mirathi

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi wakati wa kifo. Vito vya marehemu hukusanywa, hupimwa na hugawiwa kwa mafungu ya mirathi. Jino huwaweka warithi mbele ya haki mbili: haki yao katika mali na haki ya maiti kuheshimiwa. Hadithi iliyomo katika Abu Daud inalinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja angali hai. Kwa msingi huo, dhahabu isiyoweza kutolewa bila kumjeruhi maiti huachwa, naye huzikwa nayo.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho na mtindo wa vifuniko vya kuvuliwa, uliopata umaarufu Brooklyn, New York, miaka ya 1980, unaithibitisha hoja hii. Kifuniko kinachovuliwa huweza kuuzwa na kurithiwa, hivyo kihukumu kiko upande wa bangili. Kwa mwanamume hakina udhuru wa kiungo kilichopotea. Jino la dhahabu la kudumu, kwa upande wake, ni dhahabu ambayo mwanamke ameitoa katika hesabu ya akiba na mirathi ikawa sehemu ya uso wake. Katika kisiwa ambacho karibu kila gramu ya dhahabu ilihesabiwa kuwa kinga ya msimu mbaya, uamuzi huo haukuwa mdogo. Utafiti wa vito vya mwambao unaoegemea thamani ya soko peke yake hauwezi kuueleza.