Kamati ikikataa bustani, itoe sababu

Wako watu wanaodhani kwamba mtu akishanunua nyumba, kila shubiri ya ardhi inayoizunguka ni yake kuitenda apendavyo. La hasha! Katika mitaa mingi ya kisasa jijini Nairobi na viungani mwake, mnunuzi hutia saini mkataba unaomkataza kujenga ukuta, kukata mti au hata kubadilisha bustani bila idhini ya kamati ya wenye nyumba. Utaratibu huo siupingi. Mizizi ya mti mmoja yaweza kupasua bomba la majitaka linalotumiwa na nyumba tatu, na ukuta uliojengwa ovyo huelekeza maji ya mvua kwa jirani. Ninachokipinga ni kamati kukataa ombi la mwenye nyumba bila kueleza sababu.

Katika mtaa ninamoishi, niliomba ruhusa ya kung'oa nyasi na kupanda mchicha, sukumawiki na vichaka vya kienyeji vinavyostahimili ukame. Baada ya miezi minne nilijibiwa kwa sentensi moja tu, kwamba ombi langu haliambatani na sura ya mtaa. Sura hiyo ni ipi, na ni nani aliyeichora? Kanuni zetu hazisemi. Ajabu ni kwamba maji ya mfereji hutufikia kwa zamu, na nyasi hizo ndizo zinazoyanywa kwa wingi.

Vyama vya aina hii vimekita mizizi zaidi nchini Marekani, na huko migogoro ya bustani imewalazimu watunga sheria kuingilia kati. Mwaka wa 2013, jimbo la Texas lilivikataza vyama hivyo kupiga marufuku bustani zinazostahimili ukame. Chama bado chaweza kudai mchoro wa bustani kabla ya kutoa idhini, ila hakiwezi kuikataa bila sababu ya haki. Mwaka uliofuata, California ilizuia wenye nyumba kutozwa faini kwa kuacha nyasi zikauke wakati wa dharura ya ukame. Huko Maryland, mume na mke walioamrishwa kurudisha nyasi mahali pa mimea ya kienyeji walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2021 jimbo hilo likapitisha sheria ya kulinda bustani kama yao.

Hapa kwetu, Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Huenda wakatokea watakaodai kwamba kamati ya mtaa si ofisi ya serikali. Iwe hivyo, busara ya ibara hiyo haina mipaka. Anayetoza ada kila mwezi na mwenye uwezo wa kutoza faini hana budi kujieleza kwa anaowatoza.

Mwombaji naye ana wajibu wake. Ombi la maneno matupu mlangoni mwa mwenyekiti halitoshi. Na aandike barua rasmi, aambatanishe mchoro, ataje kila mmea na kimo chake utakapokomaa, na aonyeshe maji yatakapopitia. Walimu wanaofundisha uandishi wa barua rasmi wangefanya vyema kuwapa wanafunzi wao zoezi kama hili: kundi moja liombe, jingine liwe kamati na lijibu kwa hoja.

Kamati nazo ziweke muda wa kujibu, tuseme siku thelathini, na kila zinapokataa zitaje kanuni iliyovunjwa pamoja na marekebisho yatakayokubalika. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nami naongeza kwamba wazee hao walisifika kwa sababu walilizungumza neno lenyewe hadharani, kila mtu akasikia.