Sigara Inamngoja Nje ya Geti

Wengi wetu tunamjua angalau Mbongo au Mkenya mmoja aliyeingia jeshi la Marekani. Kati ya 2009 na 2016 mpango wa MAVNI ulichukua hata wenye viza ya mwanafunzi, mradi wajue lugha zinazohitajika, na Kiswahili kilikuwemo. Jamaa yangu mmoja alipitia huko mwaka 2014, akiwa anamaliza pakiti moja kwa siku. Mafunzo ya kuruta yalikuwa wiki 10, sigara marufuku kabisa. Siku ya kuhitimu akanipigia: "Kaka, nimeacha!" Jioni yake alikuwa nje ya geti, sigara mkononi.

Nilimcheka, na hapo nilikosea. Kumbe wako wengi. Makuruta wa jeshi la anga, San Antonio, Texas, nao hukatazwa kuvuta muda wote wa mafunzo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia makuruta wapatao 26,000, wavutaji na wasiovuta. Baada ya mwaka mmoja, wengi wa wale wavutaji walikuwa wamerudia.

Kwa nini, wakati mwili umeshasafika? Nikotini hutoka mwilini ndani ya siku chache tu. Hamu hukaba zaidi siku ya pili na ya tatu, halafu inapungua ndani ya wiki mbili mpaka nne. Tatizo ni kwamba kuruta hakuamua kuacha, amekatazwa na afande. Wiki zote hizo hajawahi hata mara moja kupewa sigara na rafiki akasema hapana. Akifika kituo kipya anakuta wavutaji ndio wenye ruhusa ya kutoka kupumzika, yeye anabaki anafagia. (Na jeshi lenyewe lilikuwa likiweka sigara kwenye chakula cha askari mpaka 1975, kwa hiyo tusiwalaumu vijana peke yao.)

Sasa wewe rafiki ufanye nini? Anza kabla hajatoka. Mafunzoni simu huchukuliwa, barua ndiyo kila kitu. Mwandikie wiki mbili kabla ya gwaride umuulize waziwazi: ukitoka utavuta au huvuti? Aliyekwisha kuamua ana nafuu kuliko anayehesabu siku. Mwambie aende kliniki ya kambini aulizie viraka au chingamu ya nikotini, na asidanganyike kuhamia tumbaku ya kuweka mdomoni wala sigara za umeme, nikotini ni ile ile. Wikiendi ya kwanza ya mshahara na bia ndiyo mbaya zaidi.

Akiteleza, jamani, msimcheke kama mimi. Sigara moja si pakiti, anaweza kuendelea pale pale alipofikia. Na ukimpigia simu, mpigie baada ya chakula cha jioni, maana ndiyo saa wenzake wanatoka nje na viberiti.