Kawa, bangi na maumivu: dini zinaruhusu nini?

Kisangani ni muji wa watu wanaotumika na nguvu ya mwili. Toleka anapeleka mutu na kinga kutoka Mangobo mpaka soko kuu ya Makiso, mwengine anabeba magunia bandarini, mama anatembea na beseni kichwani tangu asubuhi. Mangaribi mugongo unauma. Kila mutu ana dawa yake: huyu anatafuna likasu, yule anameza kidonge na kikombe ya kawa, na wako wanaosema kwa sauti ya chini kama bangi kidogo inatuliza. Kisha siku ya kusali inafika, na ulizo linakuja: Mungu anakubali hii?

Kwanza kawa, kwani ni mutoto wa inchi. Ile tunayoita robusta inaota yenyewe ndani ya pori ya bonde la Congo, na kule Yangambi, kilometa karibu 100 kutoka Kisangani kwa kufuata muto, watafiti wanatunza aina zake tangu wakati wa INEAC iliyoanzishwa 1933, leo INERA. Ndani ya kawa kuna kafeini, na robusta iko nayo karibu mara mbili kuliko arabika ya Kivu. Likasu vilevile ina kafeini. Kwa hiyo mama anayetafuna likasu sokoni na bwana anayekunywa kawa kwenye biro wanatumikisha kitu kimoja, hata kama wanachekana.

Kafeini peke yake haiponyeshe maumivu mengi. Lakini inasaidia dawa. Utafiti uliokusanywa na Cochrane mwaka 2014, wenye watu zaidi ya 7.000, ulionyesha kwamba ukiongeza miligramu 100 za kafeini ao zaidi kwenye dawa kama paracetamol, watu 5 mpaka 10 zaidi kwa kila 100 wanapata nafuu ya kweli. Ndiyo maana vidonge fulani vya farmasi vina kafeini ndani, imeandikwa kwenye boksi. Mabaya yake: mutu aliyezoea kawa kila siku, akiiacha kwa gafula, kichwa kinamuuma. Waislamu wengi wanalijua hilo siku za kwanza za Ramadhani. Afazali kupunguza vikombe kidogo kidogo juma moja ao mbili mbele ya mwezi kuandama.

Na kawa yenyewe imepita kwenye mahakama ya dini. Ilikuwa kinywaji cha masufi wa Yemeni, waliokunywa ili wasisinzie katika ibada ya usiku. Mwaka 1511, gavana wa Makka, Khair Beg, alikusanya wanazuoni na kuikataza, magunia yakachomwa. Wakubwa wake wa Cairo hawakukubali, na katazo likaanguka. Leo ni vigumu kuona shehe anayepinga kawa.

Kwa Wakristo, walio wakali juu ya kawa ni wachache. Waadventiste wanafuata mafundisho ya Ellen White, aliyeandika kwa nguvu juu ya ubaya wa chai na kawa, na kanisa lao mpaka leo linashauri kuziacha. Wamormoni, wenye hekalu Kinshasa tangu 2019, wanakataa chai na kawa kwa sababu ya ufunuo wa 1833. Hapa kuna jambo ambalo watu wanachanganya. Ufunuo huo hautaje kafeini, na kanisa lenyewe lilieleza hivyo mwaka 2012. Kwa hiyo Mumormoni mwenye kichwa kinachopasuka anaweza kumeza kidonge chenye kafeini bila kuvunja sheria yake. Hata Muadventiste: kanisa lake lina hospitali, kama ile ya Songa kule Katanga, na dawa ya munganga si kikombe cha kawa ya kujifurahisha.

Bangi ni hadisi ingine, na mbele ya dini kuna sheria. Katika inchi yetu bangi imekatazwa, na mugonjwa anayeikamatwa nayo hawezi kujitetea kwa kusema pasta alimuruhusu.

Lakini bangi nayo iliwahi kuwa dini hapa Congo. Katika miaka ya 1870 na 1880, kule Kasai, chifu Kalamba Mukenge na Waluluwa wake walijiita Bena Diamba, wana wa bangi. Waliivuta pamoja kwa kufunga urafiki, na mwenye kosa alivutishwa mpaka aanguke. Mujerumani Hermann von Wissmann aliandika habari zao. Marasta wa leo nao wanaiona kuwa takatifu. Makanisa mengi ya hapa yamechukua njia ingine: Wakimbangu, tangu mwendo ulioanza na Simon Kimbangu mwaka 1921, wanakataza pombe, tumbaku na bangi pamoja.

Je, kama ni dawa? Katekisimo ya Kanisa Katolika, namba 2291, inasema kutumikisha dawa za kulevya ni kosa kubwa, isipokuwa kwa sababu ya matibabu tu. Papa Fransisko mwaka 2014 alipinga kuhalalisha bangi ya kujifurahisha. Wamormoni wanakubali bangi ya matibabu pale munganga mwenye ruhusa anaiandika na sheria inaikubali. Katika Uislamu kila kinacholevya ni haramu, lakini kuna kanuni ya dharura: wanazuoni wengi wanasema, kama hakuna dawa ingine ya halali na munganga wa kuaminika ndiye anashauri, kiasi cha kutuliza maumivu kinaweza kuruhusiwa. Kwa hiyo mizani ni ileile: si mumea unaopimwa, ni sababu, kiasi, na nani amekuandikia.

Na hapo ndipo bangi inapungua. Mwaka 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa kwenye orodha ya dawa hatari kupita zote. Lakini mwaka 2021 shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, IASP, lilisema uhakika haujatosha kuiunga mukono kama dawa ya maumivu. Ile inayouzwa kwa siri haina kipimo, na kwa kijana inaharibu akili inayokomaa.

Kazi nzito zaidi iko kwa jamaa wenye mugonjwa wa kansa nyumbani, anayelia usiku kucha. Wako wanaofikiri kukataa dawa kali ni imani, ao kwamba morfini inaua. Katika kanisa Katolika jibu lilitoka zamani: mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia waganga kwamba inaruhusiwa kutuliza maumivu ya mugonjwa hata kama dawa inaweza kufupisha siku zake, maadamu nia si kumuua. Jirani zetu wa Uganda wamefika mbali. Hospice Africa, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na Anne Merriman, daktari ambaye zamani alikuwa sista, inagawa morfini ya maji, inayonywewa kwa kipimo, na tangu 2004 sheria inaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kuiandika. Jamaa ya namna hiyo hapa Makiso inaweza kumuuliza munganga waziwazi: kuna morfini ya kunywa, na ikiwa haiko, ni nini kinaweza kuchukua nafasi yake?