Syrah ya Naivasha: Mvinyo wa Nyanda za Juu

Syrah ni zabibu nyeusi yenye asili katika bonde la mto Rhône, Ufaransa. Mwaka 1998, uchunguzi wa vinasaba ulibaini kwamba imetokana na aina mbili za Kifaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Australia na Afrika Kusini huiita Shiraz, na ndilo jina lililo kwenye chupa za Leleshwa, mvinyo wa kampuni ya Rift Valley Winery unaotokana na mizabibu ya shamba la Morendat, karibu na Naivasha, Kenya. Leleshwa ni kichaka chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri, kilichotapakaa katika eneo hilo hadi vilima vya Olkaria.

Ardhi ya hapa ni zao la volkano. Olkaria, Longonot na Eburru zimeacha majivu na mawe mepesi yasiyotuamisha maji, jambo linalofaa mizizi ya mzabibu. Mwinuko wa karibu mita 2,000 hupunguza joto la ikweta. Jua kali la mchana hukoleza rangi ya ganda, na baridi ya usiku huhifadhi uchachu ambao joto la mfululizo lingeupoteza.

Ugumu uko kwenye majira. Ulaya, baridi kali huulaza mzabibu kila mwaka, kisha machipukizi yote huamka pamoja. Naivasha haina majira hayo, na mchana una takriban saa 12 mwaka mzima. Mzabibu ukiachwa, huchipua ovyo, na vichala vibichi na vibivu hukaa kwenye tawi moja. Kwa hiyo mkulima huupumzisha kwa makasi: hupogoa kwa tarehe aliyoipanga, akikusudia matunda yaive wakati wa ukavu, baada ya masika au vuli kupita. Mvua ikikosea ratiba, huleta ukungu wa majani na kuozesha vichala. Ndege nao hula zabibu zinazoanza kuiva. Kazi hizi zote hutaka mikono mingi na kuongeza gharama ya kila kilo.

Kiwandani, zabibu husagwa na kuchachushwa pamoja na maganda, kwa sababu rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu vimo humo. Tani 1 ya zabibu hutoa takriban lita 650, yaani chupa zipatazo 860. Kiasi hicho hakijazi mapipa 3 ya mwaloni ya lita 225. Mitambo, maabara, chupa na vizibo hulipiwa hata mavuno yakiwa haba, kwa hiyo mzalishaji mdogo hubeba gharama kubwa kwa kila chupa.

Ushuru huongeza mzigo. Tangu Desemba 2024, mvinyo nchini Kenya hutozwa Sh22.50 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Chupa ya mililita 750 yenye pombe ya asilimia 13 hudaiwa takriban Sh219, kabla ya VAT ya asilimia 16. Rafuni, chupa hiyo hukutana na mivinyo ya Afrika Kusini, nchi yenye mashamba makubwa na uzoefu tangu karne ya 17.

Dodoma, Tanzania, ilifuata njia nyingine. Huko zabibu zilianzishwa na wamisionari Wakatoliki, huvunwa hata mara mbili kwa mwaka, na nyingi hutoka kwa wakulima wadogo wanaoviuzia viwanda. Kituo cha utafiti cha Makutupora huwahudumia kwa miche na maarifa. Naivasha haina mtandao kama huo, na mzabibu hushindania ardhi, maji na vibarua na maua ya kuuzwa nje.

Kwa hesabu hizo, Syrah ya Naivasha haiwezi kushindana kwa urahisi wa bei. Nafasi yake ni hoteli, mikahawa na wageni wa mbugani wanaotafuta kinywaji cha mahali walipo, walio tayari kulipia ladha ya nyanda hizi. Kupanuka zaidi kutategemea miche bora, utafiti wa upogoaji wa ikweta, na wakulima wadogo watakaohakikishiwa mnunuzi kabla ya kupanda.