Uchovu Huu ni wa Ugonjwa au wa Dawa?

Mgonjwa wa miasthenia gravisi anaweza kuamka asubuhi akafagia uwanja, akakanda unga wa chapati na kuongea na simu bila shida yoyote. Ikifika saa kumi jioni kope zimemwangukia, kila kitu anakiona viwiliviwili, na mkono ulioshika kitana unashuka wenyewe kabla nywele hazijaisha kuchanwa. Akijinyoosha kitandani kwa saa moja, nguvu zinarudi kiasi. Watu wa nyumbani wanashindwa kumwelewa. Homa wanaijua, kiharusi wanakijua, lakini mtu aliyepika pilau la shughuli jana, leo kikombe cha chai kinamshinda? "Wifi, hebu acha kujidekeza," ataambiwa, na baada ya muda hata yeye ataanza kujishuku.

Hajidekezi. Kila unapotaka kukunja kidole, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye mwanya mdogo mno ulio kati yake na msuli. Upande wa msuli kuna vipokezi vinavyoidaka, ndipo msuli unajikunja. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, badala ya kuhangaika na vijidudu tu, hutengeneza kingamwili zinazoviharibu vipokezi hivyo. Amri inatoka kama kawaida, ila wa kuipokea wamepungua. Msuli uliopumzika hujikongoja, kwa sababu mwanzoni neva humwaga asetilikolini nyingi. Kazi ileile ikirudiwarudiwa, kiasi kinachomwagwa hushuka. Mtu mzima wa afya hahisi kushuka huko, maana ana vipokezi vya ziada. Mgonjwa hana, na msuli unagoma. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliliandika jambo hili mwaka 1672, akimweleza mwanamke aliyeongea vizuri kwa muda, kisha akaishiwa kabisa na sauti baada ya kuongea sana.

Joto huzidisha hali, na mgonjwa wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa hilo mwezi wa Februari. Baridi husaidia. Mfuko wa barafu ukiwekwa juu ya kope iliyoanguka kwa dakika mbili hivi, mara nyingi kope huinuka mbele ya macho yako, na madaktari hukitumia kipimo hiki mahali ambapo vipimo vya damu havipatikani. Ni bei ya kipande cha barafu tu, na nashangaa kwa nini hakitumiki zaidi.

Dawa ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilitumiwa na daktari Mary Walker katika hospitali ya St Alfege huko Greenwich, London, mwaka 1934. Alitambua kwamba wagonjwa wake wanafanana na watu waliodhuriwa na sumu ya kurare, ile inayopakwa kwenye mishale Amerika Kusini, akaamua kujaribu dawa iliyojulikana kuizimua sumu hiyo. Kidonge cha leo, piridostigmini, ni cha ukoo huohuo. Hakiviponyi vipokezi. Kinakizuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, ili hiyo iliyomwagwa ikae muda mrefu kidogo kwenye mwanya na kuvitumia vyema vipokezi vilivyobaki. Huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hadi dakika 45, na ndani ya saa tatu au nne nguvu yake inafifia.

Kwa hiyo maisha ya mgonjwa hupangwa na saa ya ukutani. Anayechoka kutafuna ameze kidonge nusu saa kabla ya chakula; akikimeza baada ya kula, dawa itapanda wakati sahani imeshaoshwa. Nyama choma na muhogo mkavu viliwe mchana mapema. Jioni ni zamu ya uji, ndizi zilizopondwa, samaki wa kuchemsha. Ukimwona mtu mezani ameshikilia kidevu kwa kiganja huku anatafuna, hana mawazo mengi: taya limechoka, na mkono unalisaidia.

Tatizo ni kwamba asetilikolini haifanyi kazi kwenye misuli ya mikono na macho tu. Inaamrisha pia utumbo, tezi za mate na tezi za jasho. Kidonge kinachoinua kope ndicho kinachosokota tumbo, kinachomkimbiza mtu chooni akiwa ndani ya daladala, na kinachojaza mate mdomoni. Kumeza dawa pamoja na chakula kidogo, kama nusu ya ndizi au biskuti mbili, hupunguza msokoto kwa wengi. Usipopungua, zipo dawa za kuutuliza, lakini aziandike daktari anayejua ugonjwa wenyewe. Wapo wanaoacha kumeza kidonge siku ya safari kwa kuogopa aibu ya choo, kisha wanashindwa kumeza mate yao wenyewe njiani. Siwalaumu, ila ningependa walizungumze jambo hilo kliniki badala ya kulificha.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Piridostigmini ikizidi, misuli hulegea vilevile. Mgonjwa anajiona dhaifu, anaongeza kidonge, anazidi kuwa dhaifu, anaongeza kingine. Anayejiandikia kwenye daftari ataona tofauti. Kama nguvu ni nzuri saa moja baada ya kumeza na zinaisha karibu na dozi inayofuata, ugonjwa ndio unaodai. Kama saa moja baada ya kumeza ndipo mwili unalegea zaidi, huku mate na machozi vinatiririka, tumbo linaharisha na vijisuli vinachezacheza chini ya ngozi ya shavu au paja, dawa imezidi. Daftari lenye safu ya saa, dozi na alichoshindwa kufanya lina faida kwa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna uchovu wa tatu, nao huja na prednisoloni. Dawa hii huituliza kinga ya mwili na wagonjwa wengi hawawezi kuikwepa. Katika wiki mbili za mwanzo, hasa ikianzishwa kwa dozi kubwa, inaweza kuuzidisha udhaifu kabla haijaleta nafuu. Asiyeonywa huitupa akidhani amepewa sumu. Ikitumika miezi mingi, yenyewe hukondesha misuli ya mapaja na nyonga. Mtu anashindwa kuinuka mkekani au kwenye choo cha kuchuchumaa bila kushika ukuta, asubuhi sawa na jioni, wakati macho yake ni mazima. Udhaifu huo usiobadilika na saa hautibiwi kwa piridostigmini hata akimeza mkebe mzima. Dawa yake ni kupunguza prednisoloni polepole, na hapo ndipo azathioprini, dawa nyingine ya kuituliza kinga, huingizwa kusaidia, ingawa yenyewe huchukua miezi mingi, hata mwaka, kabla ya kuonyesha kazi.

Uso kujaa, sukari kupanda, usingizi kuruka na mifupa kudhoofika vimeshaandikwa mara nyingi, sivirudii. Nitaongeza mambo mawili yanayotuhusu sisi. Prednisoloni huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala, na kuwaacha minyoo wa strongiloidi wasambae mwilini kwa hatari. Kikohozi kisichoisha kipimwe, na suala la minyoo liulizwe kabla ya kidonge cha kwanza. Tena mgonjwa asiikatishe ghafla kwa sababu ya shavu kunenepa: mwili ulioizoea umeshapunguza homoni yake wenyewe, na kukatisha kunaweza kumwangusha.

Dukani nako kuna mtego. Kwinini haimfai mgonjwa huyu, na tahadhari hiyohiyo inahusu klorokwini. Tangu dawa mseto ilipochukua nafasi ya mbele katika malaria ya kawaida, na sindano ya artesuneti katika malaria kali, hatari imepungua, lakini kwinini bado ipo, ikiwemo ile kidogo inayoupa uchungu soda ya toniki. Antibayotiki tunazozitaja kwa majina ya kuzifupisha, sipro na jenta, pamoja na azithromaisini, zinaweza kumlegeza mgonjwa ndani ya siku chache au hata saa chache. Propranololi ya presha pia, na matone ya macho ya jamii hiyo. Haimaanishi kwamba maambukizi yaachwe bila tiba, kwani maambukizi yenyewe ndiyo huanzisha mashambulizi mengi makali ya ugonjwa huu. Maana yake ni kuchagua dawa nyingine inapowezekana. Mjamzito ana neno moja zaidi la kumwambia mkunga mapema: magnesiamu salfeti, sindano inayookoa maisha ya wengi wenye kifafa cha mimba, kwake inaweza kuzima upumuaji. Liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya kliniki.

Ramadhani huja na swali lake. Huku kwetu karibu na ikweta mfungo ni saa 13 na ushei, na kidonge cha kila saa nne hakiwezi kuvumilia hivyo. Vipo vidonge vya kutoa dawa polepole, visivyopaswa kusagwa wala kutafunwa, lakini havipatikani kila mahali na mwili huvifyonza kwa namna isiyotabirika. Ruhusa ya mgonjwa kula ipo katika dini, na shehe mwenye ujuzi atamweleza hivyo bila kumwonea haya. Mwenye dalili za macho pekee ana mjadala mwingine na daktari wake. Mwenye shida ya kumeza asijaribu.

Kwa waliokata tamaa: Amitabh Bachchan, ambaye vijana wa zamani wa sinema za Kihindi hapa Pwani walimjua kwa ngumi zake, aligundulika na ugonjwa huu miaka ya 1980, na bado tukamwona kwenye filamu kwa miongo iliyofuata.

Kinachohitaji haraka ni pumzi. Mwambie mgonjwa avute hewa ya kutosha, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, namba moja kila nusu sekunde hivi. Mzima hufika karibu na 50. Anayeishia chini ya 20, anayeongea kwa pua, anayekohoa kila anapomeza maji au asiyeweza kulala chali kwa kukosa hewa, asiongezewe kidonge nyumbani wala asisubiri kukuche. Apelekwe usiku huohuo kwenye hospitali yenye mashine ya kupumulia, amechukua daftari lake na orodha ya dawa zote alizomeza wiki hiyo, za dukani na za miti shamba zikiwemo.