PIKAPU YAKO INACHUCHUMAA? SHOKAPU HAZINA KOSA!

Wiki hii tuwaache wapendanao wapumue, twende zetu barabarani. Nyie wenye pikapu na tela za kukodisha viti, maturubai na majenereta, sogeeni karibu.

Mjomba wangu ni mmoja wenu. Ijumaa moja usiku tulitoka Dar kupeleka vyombo vya harusi Morogoro. Kwenye pikapu viti, kwenye tela vyuma vya turubai na jenereta, tena limewekwa mbele kabisa. Gari likachuchumaa utadhani mbwa anasubiri mfupa, pua inatazama nyota.

Tangu Kibaha kila tuliyekutana naye alitupiga fulu. Mjomba akawa anafoka, "Hawa wana nini, mbona nimewasha taa ndogo?" Kumbe hizo ndogo, kwa vile pua ilikuwa juu, zilikuwa zinawachoma macho wenzetu. Karibu na Mlandizi akakata kona, usukani mwepesi kama wa baiskeli, gari likaenda linakotaka lenyewe. Tulichungulia mtaro. Jamani, nilimwona Israili hivi hivi!

Kinachouma zaidi, wiki mbili kabla mjomba alikuwa ameuziwa shokapu nne mpya na fundi aliyemwapia, "Hapo bosi umemaliza kazi."

Tuliporudi tukaenda Gerezani kwa mzee mmoja fundi springi. Akacheka. "Ndugu yangu, shokapu haibebi mzigo. Kazi yake kuzuia gari lisidunde-dunde. Mbebaji ni springi."

Kisha akatupa darasa. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma ni kama pembea ya watoto: nyuma ikishuka, mbele inanyanyuka. Tuseme kichwa cha tela kinakandamiza kilo 100, pale kinaponing'inia ni mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 40, ya nyuma yanabebeshwa 140! Sasa usukani na breki za mbele vitashika nini?

Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, panga mzigo. Kwenye pikapu vitu vizito viegemee kebini. Kwenye tela, jenereta likae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kiasi kwamba asilimia 60 hivi ya uzito iwe mbele ya ekseli. Tela ya kilo 1,000 ikandamize kama kilo 100 hadi 150 kwenye kichwa. Usijifanye mjanja ukasukuma vyote nyuma: pua ya gari itashuka kweli, lakini tela itaanza kucheza mdundiko barabarani.

Pili, kagua springi. Zikiwa zimelala au zina ufa, badilisha pande zote mbili. Ukitaka kuongeza chuma kimoja, ongeza kulia na kushoto sawasawa. Ila ujue gari likiwa tupu abiria watarushwa kama mahindi kwenye sufuria. Na pikapu nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Ukinyanyua bodi, valvu inadhani gari halina mzigo na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Mwambie fundi airekebishe.

Tatu, ipo mifuko ya upepo inayofungwa pamoja na springi. Ukipakia unajaza, ukishusha mzigo unapunguza. Inafaa kwa wanaobeba leo na kesho hawabebi.

Lakini sikilizeni. Hata ukiweka springi za fuso, kiwango cha uzito alichoweka mtengenezaji hakiongezeki. Chasisi, ekseli na breki ni zile zile.

Kipimo chake rahisi. Chukua futi kamba, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu ya tairi, mbele na nyuma, kabla na baada ya kupakia. Mbele ikipanda sana, usiondoke, panga upya.

Mjomba alihamisha jenereta, akaongeza chuma kimoja kila upande. Safari iliyofuata hadi Morogoro hakuna aliyetupiga fulu. Na zile shokapu? Bado anazo, anazitazama kwa hasira.

Tukutane wiki ijayo, safari njema!