Kupatana Bei: Wapi Tukaze, Wapi Tuachie

Hapa kwetu Pwani, muuzaji akitaja bei huwa amefungua mazungumzo tu. Ukienda Marikiti kununua viungo, ukiingia Biashara Street kutafuta leso, au ukisimama Kongowea kwa wauza mitumba, bei ya kwanza ni ya kuulizia. Ya kununulia hupatikana baada ya maneno mawili matatu. "Ami, nipunguzie." "Mwanangu, sema yako." "Nina mia nne." "Ongeza hamsini uchukue." Watu wakapatana, wakaagana kwa salama. Biashara haigombi.

Lakini nikitazama tunavyofanya siku hizi, naona desturi hii tumeigeuza juu chini. Twakaza kamba kwa mama muuza mchicha kwa ajili ya shilingi 5, kisha twaingia duka la friji na televisheni, twatajiwa 38,000, twalipa bila kufungua kinywa. Asiye na nafasi twambana, mwenye nafasi twamwonea haya. Na maisha yalivyopanda, kukosea hapo kunaumiza pande mbili: mfuko wako hauponi, na yule mama anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hivyo leo nataka tueleweshane bei hujengwa vipi, ili mtu ajue pa kuomba na pa kunyamaza.

Bei ina mfupa na nyama

Mfupa ni pesa alizotoa muuzaji mpaka kitu kikafika mbele yako. Nyama ni faida yake. Ukiomba kupunguziwa, unaomba kipande cha nyama. Kama nyama yenyewe ni nyembamba, utakuwa unaguguna mfupa.

Jirani yangu mmoja mwenye kibanda cha mboga alinifungulia hesabu yake. Siku hiyo alinunua sanduku la nyanya kwa 4,000. Mkokoteni na ushuru wa soko vikamla 250. Alipozipanga alipata mafungu 100 ya shilingi 50, lakini mafungu 10 yakaoza kwa joto kabla hayajauzwa. Aliyouza ni 90, akapata 4,500. Toa 4,250 alizotumia, zimebaki 250. Hiyo ndiyo faida ya kushinda juani tangu alfajiri, hata shilingi 3 kwa fungu haifiki.

Sasa kila mteja angemshika ampe kwa 40, angepata 3,600. Yaani angelipa shilingi 650 mfukoni mwake ili apate kutuuzia nyanya.

Kwake, ukitaka kitu, omba nyongeza. Nyanya moja iliyoiva sana ambayo kesho haitauzika, au kitawi cha dania, kwake haimvunji na kwako ni faida. Ndiyo maana wazee wetu sokoni walikuwa wakisema "niongeze" zaidi kuliko "nipunguzie".

Vivyo hivyo mwenye duka la mtaani anayekuandika kwenye daftari mpaka mwisho wa mwezi. Huyo ameshakupunguzia: amekukopesha bila riba. Usimwombe mara ya pili.

Palipo na nyama

Tulinganishe. Ukifaulu kumtoa muuza mboga shilingi 5 kila siku, mwaka mzima utakuwa umeokoa 1,825. Ukizungumza na mwenye nyumba mara moja tu akakupunguzia kodi 1,000 kwa mwezi, umeokoa 12,000. Wangapi kati yetu tumewahi kuyafungua mazungumzo hayo? Mpangaji anayelipa kwa wakati, asiyeharibu nyumba, ana thamani. Nyumba ikikaa tupu miezi miwili, mwenye nyumba hupoteza zaidi ya hicho unachoomba. Mwendee kwa adabu kabla mkataba haujaisha, umwambie waweza kulipa miezi mitatu kwa pamoja, au utapaka rangi mwenyewe. Akikataa, hujapoteza kitu.

Samani pia zina nafasi, hasa ukinunua kwa seremala mwenyewe. Mapazia, mazulia, vyombo vya umeme, simu na nguo za harusi vivyo hivyo. Penye bandiko la bei usidhani mlango umefungwa. Muulize meneja, si kijana wa kaunta, kwa sababu kijana hana ruhusa. Kama bei haishuki, omba wakuletee hadi nyumbani bila malipo, au wakufungie bure.

Harusi ndiko pesa zetu nyingi zinakokwenda bila kuulizwa. Mwenye ukumbi, mwenye mapambo na mpishi wa biriani wote hutaja jumla. Omba mchanganuo: masinia mangapi, kila moja kiasi gani, viti vingapi, usafiri juu ya nani. Siku za katikati ya wiki, ukumbi uliokuwa ukae mtupu hupatikana kwa nafuu.

Shule za kulipia, ukiwa na watoto wawili au watatu hapo, uliza kama wana punguzo la ndugu. Kwa mfamasia, uliza kama kuna dawa yenye kiungo kile kile kutoka kiwanda kingine. Mara nyingi ipo, na bei yake ni ndogo. Hospitali ya kulipia ikikupa bili, omba orodha ya kila kitu ulichotozwa. Kuuliza si ujinga.

Kwa mafundi, tenganisha

Fundi akikutajia jumla moja, hujui unapatana juu ya nini. Nilipotengeneza paa langu, fundi alisema 45,000. Nikamwomba atenganishe: vifaa 27,000, ufundi 18,000. Nikachukua orodha nikazunguka maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, nikavipata vyote kwa 23,500. Ufundi sikuugusa. Mtu anayepanda juu ya paa langu nataka ashuke ameridhika, maana mvua za masika hazina huruma na kazi ya kulipua.

Tuktuk na bodaboda, patana kabla hujapanda. Ukishafika, huna tena pa kusimamia. Na mkipatana kulipa kwa simu, semeni mapema kama bei ina "ya kutolea" ndani yake au haina. Ugomvi mwingi wa siku hizi umetoka hapo.

Wakati ndio silaha kubwa

Mtu mwenye maneno matamu hushindwa na mtu anayejua msimu. Wakati wa kusi, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki huadimika. Hapo hata ubembeleze vipi, bei haishuki. Kaskazi ikiingia, Novemba kuelekea Machi, bahari hutulia na samaki huteremka bei. Na siku yoyote ile, mchuuzi asiye na barafu saa kumi jioni hana bei aliyokuwa nayo saa mbili asubuhi. Ila mtazame samaki macho na matamvua kwanza. Rahisi ni ghali.

Tende na nguo za Idi, atakayenunua Shaaban hahitaji kuomba sana. Atakayengoja kumi la mwisho la Ramadhani, ataomba mpaka achoke. Muuzaji anaiona foleni nyuma yako, kwa nini akupunguzie?

Kununua kwa pamoja nako ni wakati wake. Majirani wanne wakichanga wakanunua gunia la viazi Kongowea alfajiri, wanaipata bei ambayo mmoja peke yake hawezi kuipata kibandani. Na hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Adabu za kupatana

Zipo, na wakubwa wetu walizijua. Kwanza salamu, ndipo bei. Pili, usikitukane kitu unachokitaka: ukisema leso mbaya, kwa nini unaishika? Tatu, kama huna nia ya kununua, usimshushe mtu bei. Akikubali bei uliyoitaja wewe, chukua. Kumwacha hapo ni aibu, hasa asubuhi ukiwa mteja wake wa kwanza. Nne, ukimkuta mwenzako anapatana, usiingilie kwa kupandisha. Dini yetu imelikataza hilo waziwazi, kama ilivyokataza mtu kujifanya mnunuzi ili kupandisha bei.

Tano, jua kuondoka. Uliza maduka matatu, kisha urudi kwa aliyekuvutia. "Nashukuru, nitarudi" si matusi. Mara nyingi bei ya mwisho hukufuata ukiwa mlangoni.

Bei ikishuka, tazama nini kimeshuka nayo

Kuna muuzaji hukubali haraka, kisha hurudisha pesa zake kwenye kipimo. Kibati cha kupimia kimebonyezwa chini, mizani imeegemezwa, viazi vidogo vimejazwa chini ya vikubwa. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Una haki ya kuutazama huo muhuri.

Mwingine atakwambia, "Bila risiti nakupa nafuu." Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, kwa hivyo inavutia. Lakini simu au friji ikizima wiki ijayo, huna cha kuonyesha kwamba ulinunua hapo. Punguzo hilo umelipia kwa dhamana yako.

Na zile karatasi nyekundu za "ilikuwa 5,000, sasa 3,500", ziulize zilikuwa 5,000 lini. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza mfanyabiashara kudai kuna nafuu ya bei ambayo haipo. Punguzo la kweli ni lile unalolijua mwenyewe, kwa sababu ulipita hapo mwezi uliopita na bei uliiona.

Basi wenzangu, kupatana bei si uchoyo wala si umaskini, na asiwepo wa kutuonea kwa desturi hii. Ni namna watu wa soko walivyozoea kukutana katikati. Ila tukaze panapostahili. Wanaume hasa, tuache kujifanya wakubwa mbele ya kaunta yenye kiyoyozi halafu tukawa mahodari mbele ya mama aliyetandika gunia chini. Wiki hii, mwenye nyumba, mwenye ukumbi na meneja wa duka wote waulizwe. Na mama wa mchicha apewe shilingi zake 50 kamili, aombwe kitawi kimoja cha nyongeza, na aagwe kwa salama.